Elfu Tano Kutoa Elfu Tatu na Mia Mbili

Maneno ya Kamati ya Elimu katika mkutano wetu wa mwaka wa kuchangia maendeleo ya nyumbani, Dar es Salaam



Tunajua makande yameanza kunukia huko nyuma, kwa hiyo hatutawachosha. Mwaka jana tuliposimama hapa tuliomba mabati. Kabla ya mabati tuliomba madawati. Mlitoa, na kila aliyepanda nyumbani Desemba aliyaona kwa macho yake. Mwaka huu kamati imekuja na ombi ambalo halitapigwa picha wala kuwekewa jiwe la msingi. Tunaomba mtuchangie hesabu za kutoa.

Mnacheka. Hata sisi tulicheka lilipotajwa mara ya kwanza kwenye kikao. Tupeni nafasi tueleze lilivyoanza.

Desemba iliyopita mmoja wetu alikuwa nyumbani kama kawaida. Mchana mmoja alimtuma mjukuu wake wa darasa la tano dukani na noti ya shilingi 5,000, akanunue sukari na sabuni. Vitu vikafika shilingi 3,200. Muuza duka, kwa haraka zake, akarudisha shilingi 1,300. Mtoto hakuondoka kaunta. Akamwambia, "Shikamoo tena mjomba, bado mia tano." Akapewa, akarudi na 1,800 kamili. Babu akafurahi, kama ambavyo babu yeyote wa kwetu angefurahi. Sisi watu wa milimani tunasemwa nchi nzima kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mtoto anayeisimamia mia tano yake ni mtoto wetu kweli.

Jioni ile ile mtoto akakaa kibarazani na daftari lake. Babu, kwa kumjaribu tu, akamwandikia 5,000 kutoa 3,200, akamwambia aziweke wima kama anavyofundishwa. Mtoto akaandika haraka: 2,200.

"Umefikaje?" babu akauliza.

"Sifuri kutoa sifuri, sifuri. Sifuri kutoa sifuri, sifuri. Sifuri na mbili, mbili. Tano kutoa tatu, mbili."

"Na mchana ulirudi na chenji ngapi?"

"Elfu moja na mia nane."

"Sasa mbona hapa elfu mbili na mia mbili?"

Mtoto akaliangalia daftari, akamwangalia babu. "Ile ilikuwa ya dukani, babu. Hii ni ya shuleni."

Ndugu zetu, kauli hiyo ndiyo iliyotuleta mbele yenu. Mtoto yule hana tatizo la akili, na wala si mvivu. Kichwani mwake kuna hesabu mbili zisizofahamiana. Moja anaiamini kiasi cha kubishana na mtu mzima kaunta. Nyingine anaiandika tu, na haimshtui hata ikimpa jibu ambalo dukani angelikataa.

Siku zilizofuata tuliwaita watoto wa majirani, wa darasa la nne hadi la sita, wakaja kumi na saba. Hatukuwapa mtihani. Tuliwapa chai na hesabu nne: 78 kutoa 25, 52 kutoa 38, 503 kutoa 247, na 4,000 kutoa 1,265. Ya kwanza karibu wote waliipata, kwa kuwa pale kila tarakimu ya juu inaitosha ya chini. Kuanzia ya pili mambo yakaharibika.

Tuwaoneshe ile ya 503 kutoa 247, maana hapo ndipo sisi wenyewe tulipojifunza. Jibu ni 256. Mtoto mmoja aliandika 344. Wa pili aliandika 246. Wa tatu aliandika 356. Mwalimu mwenye madaftari mengi ya kusahihisha ataweka mkasi mara tatu na kuendelea, na hatumlaumu. Lakini mmoja wa wanakamati ni mwalimu mstaafu, na yeye alikataa kuweka mkasi kabla ya kumwuliza kila mtoto swali la yule babu: umefikaje?

Wa 344 alikuwa anatoa ndogo kwenye kubwa popote zilipo. Tatu na saba, nne. Sifuri na nne, nne. Kwake haina maana ipi iko juu na ipi iko chini. Wa 246 alijua kwamba tatu haitoshi kutoa saba na kwamba lazima akope. Makumi akayakuta sifuri, akaenda moja kwa moja kwenye mamia, akachukua moja na kuipeleka kwenye mamoja, kana kwamba mia moja ni kumi. Huyo yuko mbele sana ya mwenzake, ingawa daftarini wote wamepata mkasi mmoja. Wa 356 aliigeuza sifuri kuwa tisa vizuri kabisa, akapata mamoja na makumi sahihi, lakini hakuipunguza tano ya mamia. Huo mzee mmoja aliuita mkopo hewa.

Makosa matatu, sababu tatu, na dawa zake ni tatu tofauti. Hili halikuanza kwetu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi yao kuhusu makosa ya watoto katika kutoa. Walionesha kwamba mengi hayatokani na uzembe: mtoto ana kanuni yake iliyopinda mahali fulani, na anaifuata kwa uaminifu kila mara. Ukimpa hesabu arobaini, ataifuata mara arobaini. Ukimchapa, ataifuata akiwa analia.

Kwa hiyo tulianza na vijiti. Wazee mnakumbuka: hakuna aliyeingia darasa la kwanza bila fungu lake la vijiti vya kuhesabia alivyovikata mwenyewe na kuvifunga kwa kamba ya mgomba. Siku hizi vijiti vinaishia madarasa ya chini, na mtoto wa darasa la tano anaona aibu kuvishika. Tulimwondolea aibu kwa kuvishika sisi kwanza.

Hamsini na mbili ni mafungu matano ya kumi kumi, na vijiti viwili vilivyo peke yake. Nipe thelathini na nane. Mtoto anaanza na vijiti vinane, anaona anavyo viwili tu. Anafanyaje? Hakuna mtoto hata mmoja aliyegeuza akachukua viwili kutoka kwenye vinane vyangu, kwa sababu vinane hivyo havipo mezani, ni deni lake kwangu. Bila kuambiwa, wengi walifungua raba ya fungu moja. Sasa ana mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Ananipa vinane, vinabaki vinne. Ananipa mafungu matatu, linabaki moja. Kumi na nne.

Kuna jambo dogo hapa ambalo tulilikosea wiki nzima. Tuliwaacha wacheze na vijiti, kisha tukavikusanya na kutoa madaftari. Wakarudi palepale kwenye 26, maana vijiti navyo vilikuwa vimegeuka "vya kibarazani". Ilibidi mambo mawili yaende pamoja: ukifungua raba, kalamu inakata ile tano na kuandika nne juu yake, papo hapo, na ile mbili inakuwa kumi na mbili. Mkono mmoja kwenye vijiti, mwingine kwenye kalamu. Siku tatu au nne za namna hiyo, na mtoto mwenyewe anaanza kuvisahau vijiti.

Neno "kukopa" limewasumbua baadhi yetu. Mzee mmoja aliuliza, ni mkopo gani huu usiolipwa? Ana haki. Hakuna anayekopa chochote hapo. Ni sawa na kuchenji noti ya elfu kumi ukapewa noti kumi za elfu moja moja: mfuko umenenepa, fedha ni ile ile. Watoto wanalielewa hilo haraka kuliko neno la kukopa, kwa hiyo tunawaambia "fungua fungu". Hata hivyo, shuleni wakiambiwa kopa, wajue ni jambo hilo hilo.

Na hapa tuwaombe babu na bibi jambo moja. Baadhi yenu mlifundishwa njia nyingine: unaongeza kumi juu, na badala ya kupunguza jirani yake wa juu, unaongeza moja chini. Kwa 52 kutoa 38 mnasema kumi na mbili kutoa nane, nne. Halafu tatu inakuwa nne, tano kutoa nne, moja. Jibu linatoka sawa, na njia ni halali kabisa. Ukiongeza kumi pande zote mbili, tofauti haibadiliki, kama ndugu wawili waliopishana miaka mitatu watakavyoendelea kupishana mitatu hadi uzeeni. Lakini mtoto aliyefundishwa njia moja asubuhi na nyingine jioni ataongeza chini na kupunguza juu kwa pamoja, na hapo hata malaika hawezi kusahihisha. Tuwaachie njia ya shuleni kwao. Yetu tuitumie kuhakiki kimyakimya.

Sifuri katikati ndiyo ilitutoa jasho. Aliyetuokoa ni mama mmoja, mkulima, aliyekuja kumchukua mwanawe na kukuta tunahangaika na 503. Akasema, hilo si ndiva tu? Kwa vijana mliozaliwa mjini: ndiva ni bwawa la jadi la kukusanyia maji ya kumwagilia, na mlimani zipo za juu na za chini. Ndiva ya chini ikipungukiwa, unapanda kwenye ile ya kati. Ya kati ukiikuta tupu, huna budi kupanda ya juu. Lakini maji ya juu hayaruki hewani hadi shambani. Yanashuka kwanza kwenye ya kati, na ya kati ndiyo inayaachia kwenda chini, yenyewe ikibaki na yake. Basi: mamoja yameishiwa, makumi ni tupu, panda kwenye mamia. Tano inabaki nne. Mia moja ikishuka katikati inakuwa makumi kumi. Kumi moja linaachiwa kwenda chini, katikati yanabaki tisa, na mamoja yanakuwa kumi na tatu. Mtoto wa 246 alishika kichwa: yeye alikuwa ameirukisha ndiva ya kati. Mtoto wa 356 naye akaona kwamba ndiva yake ya juu haikupungua hata tone.

Kwa namba zenye sifuri nyingi kama 4,000 kutoa 1,265, kuna njia mbili ambazo watoto walizipenda. Moja ni kupunguza moja pande zote: 3,999 kutoa 1,264. Hakuna fungu la kufungua hata moja, jibu 2,735. Ya pili ni ya muuza duka, anayehesabu kwa kupanda: kutoka 1,265 ongeza 35 ufike 1,300, ongeza 700 ufike 2,000, ongeza 2,000 ufike 4,000. Jumlisha ulizoongeza, 2,735 ile ile. Hii ya pili ndiyo aliyoitumia mjukuu wetu kaunta bila kufundishwa na mtu. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti uliofanywa Recife, Brazili, kwa watoto wanaouza bidhaa mitaani: kwenye biashara zao walikokotoa vizuri sana, wakapewa hesabu zile zile kwenye karatasi wakakosea nyingi. Brazili ni mbali, lakini kwa jambo hili ni kama ng'ambo ya bonde.

Hatuletwi hapa na mapenzi ya hisabati peke yake. Darasa la nne watoto wana upimaji wa kitaifa, darasa la saba wana mtihani wa kumaliza. Asiyejua kutoa hawezi kugawanya kwa njia ndefu, maana kila hatua ya kugawanya ina kutoa ndani yake. Halafu anafika Kidato cha Kwanza na hisabati inageuka lugha, inakuwa Kiingereza. Kitu ambacho hakukipata kwa Kiswahili atakipataje kwa lugha ambayo bado anaitafuta? Hapo ndipo wanaanza kusema hisabati si ya kwao, na sisi mjini tunapokea simu za kuwatafutia kazi.

Tangu mwezi wa tatu tumeendesha mazoezi ya Jumamosi asubuhi katika shule tatu za msingi za nyumbani, kwa ridhaa ya walimu wakuu. Wanaosimamia ni vijana wetu waliomaliza Kidato cha Nne na cha Sita, chini ya mwalimu mstaafu. Tulifanya makosa. Jumamosi ya kwanza tulitangaza zawadi kwa atakayemaliza wa kwanza, na aliyeichukua aliandika majibu yote kwa kanuni ya 344. Hakuna anayemaliza haraka kama mtu asiyefungua mafungu. Tulichapisha pia karatasi za mazoezi hapa mjini kwa gharama ambayo mhazini hapendi ikumbushwe, hesabu arobaini kila karatasi. Kufikia ya kumi na tano watoto walikuwa wanachora maua pembeni.

Sasa ni hesabu tano. Tatu za kufungua fungu, mbili zisizohitaji, zimechanganywa. Tukitoa za kufungua peke yake, wanafungua hata pasipohitajika, na 78 kutoa 25 inaharibika nayo. Kabla ya kuandika, mtoto anasema jibu litakuwa karibu na ngapi. Akimaliza, anajumlisha jibu na namba ya chini aone kama anairudia ya juu. Mjukuu wa 2,200 angejumlisha na 3,200 angepata 5,400, na kwa tulivyomwona kaunta asingeikubali hiyo mia nne ya bure. Halafu kuna mchezo wa wadogo: kila mmoja ana vijiti mia moja katika mafungu, anarusha dadu, anatoa idadi iliyotokea, akipungukiwa anafungua fungu na kuandika. Wa kwanza kumaliza mia ndiye mshindi. Huo mchezo wameupeleka hadi majumbani, wanatumia visoda na punje za mahindi.

Hatukuja na asilimia. Mwezi wa sita tuliwapa wale kumi na saba hesabu zile zile nne. Ile ya 52 imekaa vizuri. Ya 503 wengi wanaipata, na asiyeipata anaweza kukuonesha alipokwama, jambo ambalo Desemba hakuna aliyeweza. Ya 4,000 bado inaangusha wengi ikiwekwa wima, tusidanganyane.

Wengine wameuliza kwa nini tuchange wakati elimumsingi ni bila malipo. Ni kweli, tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa, na walimu wakuu walitukumbusha sharti hilo siku ya kwanza. Ndiyo maana hakuna mtoto anayedaiwa hata shilingi hamsini kwa Jumamosi hizi, wala kurudishwa nyumbani. Zinatoka kwetu au hazipo.

Tunachoomba ni posho ya vijana sita wanaosimamia, sukari na unga wa uji, na madaftari ya hesabu, yale yenye vyumba vidogo vidogo. Hayo si anasa: mtoto anayeandika 36 chini ya 400 kwenye karatasi tupu huiweka popote, na sita inaangukia chini ya makumi. Kwenye vyumba kila tarakimu inalala kitandani kwake. Vijiti ni bure, mlima umejaa. Dadu fundi seremala wa nyumbani amezichonga kwa mabaki ya mbao na amekataa kulipwa, tunamshukuru. Matumizi yote yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila shule, na yatasomwa hapa mwakani.

Kwa mtakaopanda Desemba, kuna mchango mwingine usiopitia kwa mhazini. Mtume mtoto dukani, na akirudi mwambie aandike hesabu ile ile kwenye daftari, wima, mbele yako. Akikosea, usimwambie amekosea. Mwulize amefikaje, kisha unyamaze umsikilize hadi mwisho. Kunyamaza ndiko kugumu, tumejaribu.

Fomu za ahadi ziko katikati ya kijarida hiki, na namba ya akaunti iko ukurasa wa nyuma. Kwenye meza ya mhazini, upande wa kulia, tumeweka mafungu ya vijiti na madaftari mawili. Hesabu iliyoandikwa juu ni 4,002 kutoa 1,875. Mzee yeyote anayetaka kuijaribu kwa vijiti kabla ya chakula anakaribishwa, ila tunamwomba asimwulize kijana aliyekaa pale, ameshaambiwa asiseme jibu.